Dawa ikikata hamu ya kula: mgonjwa ale nini, na kwa mpango gani

Katika nyumba nyingi za Kisumu, Siaya hadi Busia, mtu hajala mpaka ameona ugali. Anaweza kuwa amekunywa chai kwa mandazi saa nne, akala ndizi mbili na kipande cha samaki mchana, lakini jioni atakuambia hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Kwa mtu anayelima au kuendesha bodaboda kutwa, kipimo hiki hakina ubaya. Kwa mtu aliyeanza dawa za kifua kikuu wiki iliyopita, kinaleta vita vya bure. Anapakuliwa mlima wa ugali na ngege (samaki wa ziwani) mzima, anamega matonge mawili, anasukuma sahani. Mama mkwe ananuna, mke analia jikoni, na mgonjwa anaanza kuiogopa saa ya kula kuliko anavyoogopa vidonge.

Vita hivi huanzia mahali pamoja. Watu hudhani hamu ya kula ni kitu kimoja ambacho dawa imekiondoa na ubembelezi utakirudisha. Dawa huikata hamu kwa njia kadhaa, na dawa moja yaweza kutumia mbili kwa pamoja. Kabla ya kubadilisha chakula, inafaa kujua ni njia ipi.

Kichefuchefu ndicho kinachojulikana zaidi. Chini kabisa ya ubongo, karibu na pale uti wa mgongo unapoanzia, kuna sehemu ndogo inayokagua damu ikitafuta sumu. Dawa nyingi za saratani huiamsha sehemu hiyo, nayo huagiza kutapika hata kama tumbo halina kosa lolote. Nyingine, kama metformin ya kisukari na vidonge vya kuongeza damu, huchokoza tumbo na utumbo moja kwa moja. Mtu wa namna hii anaweza kuwa na njaa kabisa, mpaka harufu ya mafuta ya kukaangia imfikie.

Mwingine hatapiki, ila kila kitu kina ladha ya sarafu. Metronidazole, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl, ina sifa hiyo. Metformin huwafanyia hivyo baadhi ya watu, na dawa za saratani zinaweza kuifanya nyama iwe chungu mdomoni. Kuna pia dawa zinazokausha mate, na bila mate hata chapati ya moto hukwama kooni.

Wa tatu huanza kula vizuri, lakini matonge matatu yakipita anahisi amejaa hadi shingoni. Huyu tumbo lake linachelewa kupitisha chakula, au choo kimekwama. Kodeini na mofini hufanya yote mawili. Mgonjwa wa mofini ambaye hajaenda choo kwa siku nne hahitaji kubembelezwa anywe uji mwingine. Anahitaji dawa ya kulainisha choo, na kwa kawaida hiyo huanzishwa pamoja na mofini yenyewe. Kama hamkupewa, iulizieni.

Halafu kuna dawa zinazonyamazisha njaa kwenye ubongo wenyewe: methylphenidate wanayopewa watoto wenye shida ya utulivu na umakini, topiramate ya kifafa, na kwa baadhi ya watu fluoxetine ya sonona katika wiki za mwanzo. Hapa mtu hasikii ubaya wowote. Anasahau tu kula.

Na ugonjwa nao una mkono wake. Kifua kikuu hukata hamu na kumkondesha mtu wiki nyingi kabla hajameza kidonge cha kwanza, ndiyo maana hamu ya wengi hurudi dawa zinapoanza kushika. Anayeziacha ili apate kula anarudi alikotoka, tena huenda akarudi na vijidudu sugu. Huzuni vilevile haihitaji kidonge kukata hamu. Mtu aliyeambiwa juzi kwamba ana saratani, sahani iliyorudi jikoni si lazima iwe kazi ya dawa.

Saa ya kidonge na saa ya chakula

Marekebisho ya bei rahisi kuliko yote yako hapa. Metformin humezwa katikati ya mlo au mara tu baada yake. Ukiimeza alfajiri tumbo likiwa tupu kisha ukapanda matatu, kichefuchefu cha saa tatu umejitafutia mwenyewe. Kwa kawaida huanzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu, na ipo aina inayoyeyuka polepole ambayo tumbo huivumilia zaidi. Wengi huishi na mharo miezi mizima bila kumwambia daktari, wakidhani ndivyo kisukari kilivyo.

Dawa ya malaria ya artemether na lumefantrine, inayoitwa AL kwa kifupi, ina kisa chake, na sisi wa kandokando ya ziwa hatuwezi kukipita. Lumefantrine inahitaji mafuta ili iingie vizuri kwenye damu. Mwenye homa hana hamu, kwa hiyo humeza dozi zote 6 za siku 3 kwa maji matupu, na dawa nyingi hupita bila kufanya kazi. Hahitaji mlo kamili. Glasi ya maziwa, kipande cha avokado au nusu chapati inatosha kuisindikiza.

Za kifua kikuu zina masharti ya kinyume. Rifampicin na isoniazid hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, ndiyo maana unaambiwa umeze asubuhi kabla ya kula. Lakini wako ambao tumbo tupu huwatapisha kila siku, na kidonge kilichotapikwa hakimponyi mtu. Wahudumu wa kliniki wanaweza kukuruhusu umeze pamoja na chakula chepesi, au uhamishie dozi saa ya kulala. Kupunguza ufyonzaji kidogo ni nafuu kuliko kukosa dozi. Usijiamulie mwenyewe, kwa sababu ni wao wanaojua vidonge vingine ulivyo navyo.

Wanaotumia ARV, yaani dawa za virusi vya UKIMWI, zenye dolutegravir wana mtego mwingine. Tumbo likichafuka, mtu hukimbilia duka la dawa kununua tembe za kupunguza asidi. Zile zenye magnesiamu au alumini huizuia dolutegravir kufyonzwa, kwa hiyo ARV imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu navyo huizuia kama vinamezwa tumbo likiwa tupu. Pamoja na chakula vinaweza kumezwa kwa wakati mmoja. Ciprofloxacin haitaki maziwa karibu yake, na vidonge vya damu havitaki chai. Unaona jinsi kikombe kilekile cha maziwa kinavyomfaa mgonjwa wa malaria na kumharibia dawa mwenye ciprofloxacin. Swali la kumwuliza anayekupa dawa dirishani ni fupi: nimeze na chakula au bila, na ni chakula gani nikae nacho mbali?

Tumbo dogo, nguvu nyingi

Sasa turudi kwenye ugali. Unga ukishasongwa umebeba maji mengi na wanga, mafuta karibu hakuna, na protini kidogo. Kwa tumbo linalokubali matonge matatu tu, hayo matatu yamekalia nafasi yote. Mtu mzima huhitaji takriban kalori 2,000 kwa siku. Mwenye kilo 60 akiwa mzima hutosheka na gramu 48 hivi za protini, ila akiugua ugonjwa unaokula misuli wataalamu humlenga kwenye gramu 70 hadi 90. Haiwezekani kuzifikia kwa kuongeza sahani. Kinachowezekana ni kuongeza kilichomo ndani ya kila kijiko.

Chukua uji wa wimbi. Kikombe kikubwa kilichopikwa kwa maji na gramu 30 za unga kina kalori 100 hivi. Pika kwa nusu maziwa nusu maji, koroga kijiko kikubwa cha njugu za kusaga, tia kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia na viwili vya sukari, na kikombe hichohicho kinapita kalori 350. Mgonjwa amekunywa kiasi kilekile. Mafuta ndiyo yanayofanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani: kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120, na ndani ya uji au mchuzi hayasikiki.

Tatizo la uji ulioongezwa mambo ni kwamba huwa mzito kama gundi. Hapa bibi zetu wana dawa waliyoizoea kwenye busaa, ile pombe ya nafaka: kimea. Nafaka iliyochipuzwa, ikakaushwa na kusagwa, ina kimeng'enya kinachovunja wanga. Tia kijiko kidogo kwenye uji mzito ulioepuliwa na kupoa kidogo, ukoroge, na utauona unalegea mbele ya macho yako bila kuongezwa maji. Uchemshe tena kidogo kabla ya kunywa. Kwa njia hii unga unaweza kuongezwa na uji ukabaki wa kunyweka. Kimea chenye ukungu kitupwe, na njugu zenye ukungu au zilizosinyaa zichambuliwe moja moja, maana sumu ya ukungu hushambulia ini, na ini la mtu wa dawa za kifua kikuu tayari lina kazi ya kutosha.

Kuhusu omena, yaani dagaa wa ziwani, nitasema wazi kwamba ni chakula bora ambacho mwenye kichefuchefu hataki kukinusa. Ikiwa kavu, nusu ya uzito wake na zaidi ni protini, na bei yake pale soko la Kibuye bado inashikika kuliko nyama. Njia inayofanya kazi ni kuichambua, kuiosha, kuikausha tena na kuikaanga bila mafuta mbali na mgonjwa, kisha kuisaga iwe unga. Kijiko kimoja ndani ya mchuzi wa nyanya au maharagwe yaliyopondwa hakijitangazi. Yai lina gramu 6 hivi za protini na halina makelele. Maziwa mala yana uchachu unaokata ile ladha ya sarafu, na huteremka bila kutafunwa. Wenye asili ya Nandi na Kericho wana mursik yao, maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu. Ugali wa maziwa, kwa anayeona bila ugali hajala, ni mapatano mazuri. Na mrenda, ile mboga ya majani inayoteleza, uheshimiwe: kwa mdomo mkavu au wenye vidonda, utelezi wake huteremsha tonge ambalo sukuma wiki ingelikwamisha.

Supu ya mifupa ina sifa kuliko inavyostahili. Jagi la supu nyepesi ni maji, chumvi na harufu nzuri, nalo humjaza mgonjwa kabla hajafika kwenye nyama. Apewe nyama iliyochemshwa mpaka ikalainika, na supu ifuate kikombe kidogo. Chai vilevile. Mgonjwa anayeshiba upesi anywe vinywaji katikati ya milo, asivinywe pamoja na chakula.

Usingoje njaa, maana ndiyo iliyokatwa. Mgonjwa ale kwa saa kama anavyomeza dawa kwa saa, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, kengele ya simu ikimkumbusha. Sisi huweka mlo mkubwa usiku, lakini wagonjwa wengi wana nafuu asubuhi. Basi mlo mkubwa uhamie asubuhi, hata kama jirani atashangaa kuona samaki anakaangwa saa moja. Thamosi ya uji kando ya kitanda husaidia, ila uji wa maziwa usikae humo kutwa nzima. Kwa joto la Kisumu chakula kinachopoa nusu nusu huharibika haraka.

Harufu ni jambo la kuhamisha jiko nje, kufungua dirisha na kupakua chakula kikiwa vuguvugu, kwa kuwa kilichopoa hunuka kidogo. Kijiko cha plastiki na tone la ndimu husaidia dhidi ya ladha ya chuma. Tangawizi kwenye chai hutuliza kichefuchefu kwa baadhi ya watu. Mdomo wenye vidonda hautaki pilipili wala chungwa.

Mwenye kisukari akila nusu sahani

Yapo mahali ambapo kula kidogo ni hatari ya saa hiyohiyo. Anayejidunga insulini, au anayemeza glibenclamide au gliclazide, dawa yake hushusha sukari awe amekula au hajala. Akimeza kama kawaida kisha akashindwa na chakula, sukari inaweza kuanguka: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika. Akiwa bado anameza vizuri, apewe mara moja vijiko 3 hadi 4 vidogo vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, na baada ya dakika 15 apimwe tena. Akishatulia ale kitu. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni, apelekwe hospitali. Metformin peke yake mara chache sana huleta hali hii, ila anayeimeza akatapika au kuharisha hadi mwili ukakauka maji awasiliane na kliniki kabla ya kuendelea nayo.

Insulini isikatwe ghafla kwa sababu mgonjwa hali. Kipimo hubadilishwa na anayemtibu, na inafaa kumwuliza mapema, kabla siku hiyo haijafika: siku nikishindwa kula, nipunguze kiasi gani?

Hamu inapopotea tena

Mgonjwa wa kifua kikuu ambaye alishaanza kula vizuri, kisha hamu ikapotea tena, asibadilishiwe mapishi kwanza. Dawa zake zinaweza kuumiza ini, na kukosa hamu ni miongoni mwa dalili za awali, pamoja na kutapika, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Wengi huchanganyikiwa hapa kwa kuwa rifampicin hufanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa tangu siku za kwanza, na hiyo haina madhara. Mkojo mweusi au macho ya manjano ni safari ya kliniki siku hiyohiyo. Dawa za miti shamba zinazoletwa na shangazi ili kusafisha tumbo zitajwe kwa daktari bila aibu, kwa kuwa baadhi huongeza mzigo kwa ini. Kwa mzee wa moyo anayetumia digoxin, kukosa hamu na kichefuchefu vinaweza kumaanisha dawa imezidi mwilini. Na utando mweupe mdomoni unaouma wakati wa kumeza ni fangasi, unatibiwa kwa dawa.

Kuna pia sharubati na vidonge vya kuongeza hamu vinavyouzwa madukani kama peremende. Vingi vina cyproheptadine, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mzio, ambayo huongeza hamu kwa baadhi ya watu, huleta usingizi na hukausha mdomo, yaani shida ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Wengine huuziwa dexamethasone ili wanenepe. Hiyo hupandisha sukari na presha, hudhoofisha kinga, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea ni hatari. Daktari ana sababu za kuitumia. Jirani hana.

Mtoto wa methylphenidate ale kifungua kinywa kikubwa kabla ya kidonge, na chakula cha jioni kicheleweshwe mpaka nguvu ya dawa ipungue. Mchana asisumbuliwe sana. Na kwa wale wa mitaa ya wenye nacho kama Milimani wanaodungwa semaglutide ili wapungue uzito, hamu kupungua ndiyo kazi yake, lakini mwili unaokonda hupoteza misuli pia, kwa hiyo samaki, mayai na maharagwe yaliwe kwanza, wanga baadaye.

Jinsi ya kujua kama mpango unafaa ni kupima uzito kila wiki, kwenye mzani uleule, saa ileile, nguo nyepesi. Hata mzani wa yule kijana wa kando ya barabara unafaa, mradi usihame kwenda kwa mwingine. Kupoteza asilimia 5 bila kukusudia, yaani kilo 3 kwa mwenye 60, ni jambo la kumwambia daktari bila kungoja tarehe ya kurudi. Ukienda beba vidonge vyote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na vile vya kienyeji, na uwe umeandika ulichokula kwa siku tatu na saa ya kila kidonge. Omba umwone mtaalamu wa lishe. Baadhi ya kliniki hutoa unga uliorutubishwa kwa waliopungua sana, na hupewa aliyepimwa mkono na uzito. Kwa hiyo usiondoke kabla hujapimwa.